Mwani Uliopandwa kama Mihogo

Timbwani, Likoni

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Mguu wako umepoa? Na baba, bado anagombana na jogoo wa jirani? Sisi huku wazima, na mjukuu wako ananyonya mpaka ananichosha. Wallahi, kachukua paji lako la uso.

Ile mbegu ya mwani uliyonitumia kutoka Pemba ilifika ingali mbichi. Nikapigilia vijiti pwani, nikatandaza kamba kama tunavyofanya kwetu. Watu wa hapa, Wadigo, ni wakulima wa mihogo na minazi, kulima baharini hawajaona, na aliyenicheka kuliko wote ni mavyaa wangu, mamake mume wangu Bakari. Kisha likaja jua la kaskazi, maji yakawa ya moto, mwani ukageuka mweupe na kukatikakatika. Hapo mavyaa akaacha kucheka.

"Mwanangu, bahari siku hizi ina homa," akaniambia. "Nilipokuwa msichana maji haya hayakuunguza miguu. Haya, jaribu mara moja tena. Mwani ukifa tena, ng'oa vijiti vyako uje tulime mihogo."

Niliumia, mama. Shamba lile ndilo kwetu pekee nililo nalo huku.

Nikavikuza vishina vilivyosalimika. Vilipofika kukatwa na kupandwa upya, nikajifungua. Arobaini ikaniweka ndani, na bamvua, siku maji yanapokupwa mbali, ndilo hilo linakuja. Ikabidi nimwombe mavyaa. Akatoka na kisu na kikapu, akarudi amelowa mpaka kiunoni, mwingi wa furaha.

"Nimeupanda wote."

"Umeufunga kwa uzi, mama?"

"Uzi wa nini? Nimeuchomeka mchangani, umelala upande, macho juu."

Kaupanda kama mihogo! Nilicheka mpaka tumbo likaniuma. Alinuna kidogo, kisha naye akacheka. Nikafunga kamba baina ya matendegu ya kitanda, nikamfundisha fundo kwa vishina vya mchicha, mtoto kalala katikati yetu. Kesho yake maji yalipotoka akarudi kufukua alichopanda.

Tangu hapo sikupata habari ya shamba. Nikimuuliza, ananijibu, "Nyonyesha mtoto." Nikaamini mwani umekufa.

Juzi arobaini ikatoka. Mtoto hutolewa nje siku hiyo, azungushwe nyumba na kuonyeshwa dunia. Mavyaa akambeba, nyumba hakuizunguka, akashuka naye moja kwa moja pwani. Mimi nyuma. Kufika, vijiti vyangu havipo.

Yeye akaendelea kutembea mpaka kwenye mkondo baina ya miamba, pale anapogongolea chaza. Maji yake hayapati moto, na hajapata kumwonyesha mtu pahali hapo, hata marehemu mumewe. Vijiti vyangu vimesimama pale, na kamba zimelemewa na mwani wa kahawia, mnene.

"Tazama, mjukuu wangu," akasema. "Hapa palikuwa pa bibi yako. Sasa ni pa mamako."

Nililia mbele yake, mama, wala sikuona haya.

Nisalimie baba, na dada yangu mkubwa na wanawe. Shangazi aliyenifundisha kufunga mwambie kuwa fundo lake sasa analijua Mdigo, tena analikaza kuliko yeye.

Nasikia maji yameanza kuwachomea mwani na nyinyi huko. Yakiuharibu wote, usihangaike kutafuta mbegu. Safari hii nitakutumia mimi.

Ni mimi mwanao,
Siti