Risasi Chini ya Ulimi

Kambini, siku ya Mtakatifu Mikaeli

Kwa dada yangu mpendwa Apollonia,

Nakusalimu sana wewe, shemeji yangu Veit, na mama na miguu yake ile inayomsumbua. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha moshi wa baruti hakiniachi, na njaa tumeshazoeana.

Najua mlishanililia. Sikufa, dada. Siku ile ya mapigano mtoni mvua ilizima tambi zetu, na bunduki isiyo na utambi unaowaka ni kuni tu. Wenzetu wa mikuki mirefu, wanaotukinga tunapojaza baruti, walishatimua mbio. Tukakamatwa kama kuku.

Nikasema leo nanyongwa. Kumbe wapi! Sajini wao, mzee Kilian, alipita akiuliza nani anajua bunduki. Nikanyoosha mkono. Akaning'oa alama yetu nyekundu kofiani, akachomeka tawi bichi, alama yao, akasema haya, kuanzia leo adui zako ni wale uliokula nao jana. Nilipomwambia nimemwapia Kaisari, alicheka hadi akashika mbavu, akauliza kama huyo Kaisari amewahi kunionjesha hata supu ya kabichi. Nusu ya kikosi hiki waliingia kwa mlango huohuo, na hakuna anayemcheka mwenzake.

Sasa neno lenyewe, na Mungu anisamehe. Mama muuza sindano anayekuletea barua hii hana safari ndefu. Tuko nyuma ya kilima cha kinu, pale tulipokuwa tukichunga mabata bukini. Kesho asubuhi tunashambulia lango la kusini la mji wenu, na nasikia Veit amepangwa hapo na mkuki wake.

Nimewaza kutoroka. Nikitoroka, nafasi yangu atapewa mwingine, naye atalenga kweli. Heri niwe mimi. Unajua sisi hubeba risasi mdomoni wakati wa kujaza. Yangu itabaki chini ya ulimi. Mtasikia mlio, mtaona moshi, basi. Wa kushoto na kulia kwangu siwawezi.

Utepe wa bluu ulionifungia siku naondoka bado ninao. Nitauvaa shingoni. Mwambie Veit amtafute mwenye utepe huo, asimame mbele yake. Naogopa, dada. Mimi naweza kuificha risasi, yeye mkuki hawezi kuuficha. Mwombe anitambue.

Mbusu mama, ila usimwambie niko karibu hivi.

Ni mimi mdogo wako,
Jobst