Nilifuta jina ya Amuri

Mama Bibiche, naandika na hasira na haya pamoja, naomba unisaidie juu sijui tena wapi pa kusemea neno hii. Niko mama wa watoto watatu, naikala commune Tshopo, na miaka sita sasa natumika kwa scierie moja ya kupasua mbao, kazi yangu ni kushika kaye, daftari ya pointage, yaani kila asubui naandika jina ya kila mutu mwenye ameingia kazini. Miaka sita hiyo hakuna mwenye aliona contrat, karatasi ya mapatano ya kazi, tukiuliza patron, mwenye scierie, anasema, "Ninyi muko journaliers, watu wa kazi ya siku kwa siku, journalier hana contrat, mwenye hapendi aende," na sisi tunarudi kazini.

Bon, mwezi uliopita mashini ilikamata mukono ya Amuri, mwenye tulianza naye kazi siku moja, vidole vitatu vikakatika, sisi wenyewe tukamupeleka lopitalo, na muke wake Nathalie alipokuja kuomba bwana wake atunzwe, patron akamwambia mbele yetu wote: "Amuri? Huyo hakutumika hapa. Alikuwa anapita tu."

Kesho yake akaniita kwa biro, akaniwekea kaye mupya. "Andika tena mwaka huu wote, jina ya Amuri isionekane. Ile ya zamani choma. Ukifanya hivyo, wewe wa kwanza utapata contrat." Mama, niliandika. Siku mbili, roho inanikataza na mukono unaandika. Nikasaini contrat, iko kwa kifaransa, wameweka "durée: trois mois", nikafurahi, nikaionyesha mama yangu. Kaye ya zamani sikuichoma, iko kwangu. Alafu juzi nikakutana na Nathalie sokoni, akaniambia: "Dada, wewe ndiye unajua Amuri aliingia kila siku. Utatusemea?" Nikajifanya niko na haraka. Nikisema, napoteza kazi, nikinyamaza, siwezi tena kumuangalia yule mwanamuke usoni. Nifanye nini?

Larissa (majina yote tumebadilisha)

Mama Bibiche anajibu: Larissa, pole. Sasa sikiliza, juu sitakubembeleza.

Unajua ulisaini nini? Trois mois ni miezi mitatu! Miaka sita ya kazi, unapewa miezi mitatu, na unafurahi! Sheria ya kazi ya Congo inasema wazi: kazi isiyo na karatasi inahesabiwa kuwa contrat isiyo na mwisho, mpaka patron aonyeshe kinyume. Na journalier anayeitwa kila siku miaka sita si journalier tena. Donc contrat mulikuwa nayo tayari, wewe, Amuri na wenzenu. Patron amekunyang'anya kitu chako, na kwa bei hiyo ukamufutia mwenzako jina. Mwizi ni yeye. Lakini kalamu ilikuwa mukononi mwako.

Asiye na karatasi anaruhusiwa kuonyesha kazi yake kwa njia nyingine, hata kwa kaye, hata kwa mashahidi. Kwa hiyo piga fotokopi za kaye ya kwanza na za contrat, uziache kwa mutu asiyetumika pale. Jumatatu enda Inspection du Travail, biro ya serikali yenye kuchunguza mambo ya kazi, kupeleka malalamiko huko hakulipwi. Ajali ya Amuri, patron alipaswa kuitangaza kwa CNSS, sanduku ya serikali yenye kulipia ajali za kazi. Umuulize inspecteur kama alifanya. Neno ya kaye ya pili, ile uliyoandika bila Amuri, ujisemee mwenyewe, usingoje patron akuseme. Akikufukuza, aandike sababu, na kulalamika si sababu halali.

Lakini kwanza enda kwa Amuri. Leo. Asisikie kwa mutu mwingine.

Maneno haya nilimusomea Larissa kwa simu kabla ya kuyachapa. Alienda. Amuri alimuacha amesimama nje, hakumupa kiti. Mwishowe akasema: "Miaka sita uliniandika, siku mbili ukanifuta. Nathalie, lete viatu vyangu Jumatatu, tutaenda naye." Wameenda wote watatu kwa Inspection, na inspecteur amemuita patron kwa barua.

Nasikia ameanza kugawa contrat za miezi mitatu kwa wale waliobaki. Ninyi munaosoma hapa na munatumika pale, au fasi ingine yoyote ya namna hiyo: musisaini. Semeni munapeleka karatasi nyumbani kusomewa. Akikataa itoke kwa biro, mumekwisha kujua ndani kuna nini.