Kikombe cha Mtu Mmoja

Dahabo, abaayo, mdogo wangu wa tumbo moja,

Salaam alaykum wewe na wote wanaolala ndani ya boma yako. Masikio iko aje? Na goti? Na ile mbuzi ya pembe moja, bado inakula nguo za watu? Lakini kabla ya wewe na goti yako nauliza Adey, ng'ombe yangu, na usikasirike. Tumbo yake imeshuka? Chuchu imeanza kujaa? Muangalie asubuhi, muangalie jioni. Usimtume Kuresha, mke wa mtoto wako, wewe mwenyewe uende.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Mzima kama kuku aliyefungwa mguu.

Hii barua inaandikwa na Mwalimu Kadzo, jirani yetu hapa Garissa, mtu wa pwani. Kisomali hajui hata ya kuomba maji, ndiyo maana naongea hii Kiswahili yangu ya sokoni. Wewe najua utasomewa na Mwalimu Hiribae. Mwalimu Hiribae, salaam kwako, tafadhali msomee kwa sikio ya kushoto, ile ya kulia ilishakufa, na umgeuzie kwa Kisomali akitoa macho. Simu nimechoka nayo. Nikikuuliza ng'ombe unanijibu mvua. Nikipiga kelele ndio usikie, Abdi anasikia kabla yako, na kuna mambo hapa sitaki mtoto wangu asikie.

Sasa sikiliza. Siku ile nilianguka pale kisimani wewe ndiye ulinimwagia maji, tena ukalia kama nimekufa, mpaka nguo yangu mpya ikaingia matope. Abdi akaja na gari akanileta Garissa. Hayo unajua. Yale hujui ni ya kliniki. Huko kuna kijana mwenye ndevu tatu, nimezihesabu. Akanitoboa kidole, akaangalia karatasi, akaniambia, "Ayeeyo, bibi yangu, damu yako ni kidogo sana. Unakula nini?"

Nikamwambia nakula kama watu. Chai, maziwa, nyama.

"Nyama unatafuna na nini?"

Wallahi alinifungua mdomo vile mtu anafungua mdomo ya ng'ombe sokoni! Akahesabu. Manne. Akaandika. Kumbe meno ya mtu ni kitu ya kuandika. Akasema mimi nanyonya nyama tu na kutema, na chai yangu ya kila saa inazuia damu, na nile mboga za majani, nile matunda. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, sisi majani tunampa mbuzi, halafu mbuzi tunamla. Majani yameshafika." Akacheka. Abdi hakucheka. Abdi alisema pale pale mbele ya ndevu tatu, "Hooyo, mama yangu, hurudi nyumbani Masalani mpaka damu ipande."

Na Adey anangoja nani? Unajua wewe. Ile mara nilienda Modogashe kwa mazishi, Adey akazaa sipo. Akampiga Kuresha teke, akampiga mume wako teke, hiyo ya mume wako sikuhuzunika sana, halafu akamkataa ndama wake mwenyewe. Siku ya tatu nikarudi nikakuta ngozi ya ndama imeanikwa. Ng'ombe yule anaachilia maziwa kwa sauti yangu tu. Kwa hesabu yangu atazaa mvua ikianza, na hapa mawingu nayaona kila siku yanaenda upande wenu. Nikiyaona chakula hainiingii, halafu wananiambia damu ni kidogo.

Basi Fardosa, mke wa Abdi, akapata akili. Huyu msichana amelelewa Nairobi. Anafanya kazi ya ofisi, anaandika majina ya watu ndani ya kompyuta, nadhani watu wenyewe wakisahau wataenda kumuuliza. Usiku na mchana ana simu. Ndani ya simu kuna mwanamke mmoja mwenye kucha ndefu anasaga majani, anakunywa, anasema mmm. Fardosa akaagiza mashine kama ile ya huyo mwanamke. Ikaja na basi ndani ya boksi, imefungwa na karatasi za mapovu kama ni mayai ya mbuni.

Ukiiona utalia. Nilifikiri blenda ni ile kubwa ya wauza juisi, inapiga kelele, ina kazi. Hii ni kama chupa ya mtoto. Chini kuna visu sita vidogo, hata kucha ya huyo mwanamke haikati. Inachajiwa kama simu. Unaweka vitu juu, unageuza, inalia zzzz kama nzi ameingia sikio, imekwisha, unakunywa hapo hapo. Nikauliza, wengine watakunywa na nini? Fardosa akasema, "Hooyo, hii ni ya mtu mmoja."

Ya mtu mmoja! Dahabo, tangu lini chakula ikawa ya mtu mmoja? Hata mwizi anakula na mwenzake. Wao wanakaa chini, sinia ya wali katikati, mikono inaingia, watoto wanagombana mfupa. Mimi niko kwa kiti ya plastiki na kikombe changu kama mgonjwa wa kuambukiza.

Na ile kitu yenyewe! Siku ya kwanza ni kijani. Sukuma wiki mbichi, ndizi, embe, maji. Umewahi kuona tumbo ya mbuzi ikipasuliwa, ile ya ndani kabla haijaoshwa? Basi hiyo. Siku ya pili nyekundu, kuna kiazi fulani nyekundu wanaita bitiruti. Nikamwambia Fardosa, hii kama mmechinja nipeni nyama, msinipe damu, ni haramu. Akaniapia ni kiazi. Mwalimu Kadzo anacheka hapa. Andika, mwalimu, wewe si ulileta hiyo bitiruti? Alileta yeye, Dahabo, usimpe salaam nyingi.

Sikukataa. Ningekataa Abdi angekaa mbele yangu na ile sura ya baba yake. Nilikuwa nasema bismillah, naweka mdomoni, nasubiri waende kazini, halafu natoka nyuma. Huko jirani ana mbuzi wa kahawia, kichwa kama nyundo. Namwagia kwa sufuria ya zamani. Mbuzi wa watu alipendeza! Manyoya yaling'aa kama amepakwa mafuta ya harusi. Wiki mbili tu. Shida ikawa mbuzi ana akili kuliko nilivyofikiri. Saa nne ikifika anakuja mwenyewe mlangoni anapiga kelele. Siku moja ya Jumamosi Fardosa yuko nyumbani. Mbuzi akasukuma mlango, akapita kila mtu, akaja moja kwa moja kwa kikombe changu, akaingiza mdomo wote.

Fardosa akamuangalia mbuzi. Akaniangalia mimi.

"Hooyo, huyu mbuzi unamjua?"

"Mbuzi wote wanafanana," nikamwambia.

"Mbona yeye amenenepa na wewe umekonda?"

Nikamfukuza mbuzi na kandambili. Nimezeeka, zamani ningekuwa na jibu tatu.

Hakunisema kwa Abdi, hiyo nampa. Lakini nilipoenda tena kliniki, ndevu tatu akanitoboa, akatingisha kichwa. Damu imekaa pale pale. Mwezi mwingine, akasema. Na siku hiyo hiyo ndiyo ulituma salaam na dereva kwamba Adey ameanza kubaki nyuma ya wenzake. Nilirudi nikalala nikiangalia ukuta. Nikajiambia, Hawo, ujinga wako unakula ndama.

Nikaamua nitakunywa. Lakini nikinywa nitakunywa kama mtu, sio kama mbuzi. Maji ya bomba na majani hapana. Nitaweka maziwa. Na maziwa, abaayo, mimi na wewe tumelelewa na mama mmoja, hatuweki maziwa ndani ya chombo ambacho hakijafukizwa. Hawa watu wa mjini wanakunywa maziwa ya pakiti haina harufu yoyote, kama maji ambayo imeona ng'ombe kwa mbali. Nilikuwa na vile vijiti vya kufukizia ulinifungia ndani ya kanga. Siku ile wote wametoka. Nikawasha jiko ya makaa, nikachoma kijiti mpaka ncha ikawa nyekundu vizuri, nikakitia ndani ya hicho kikombe cha mashine, nikafunga kifuniko, nikatingisha kama tunavyofanya na dhiil, kile chombo chetu cha maziwa cha kusukwa. Mkono unajua wenyewe. Moshi ukatoka kidogo pembeni, nikafurahi, nikasema sasa hii imekuwa chombo.

Halafu nikasikia harufu. Si ya mti. Ni ya kandambili imeangukia moto.

Nikafungua. Dahabo, hicho kikombe kilikuwa kimekunja mgongo kama mimi! Upande mmoja umeingia ndani, upande mwingine umetoka nje, na kijiti kimeshika kwa ukuta hakitoki. Dhiil ya mama ilikaa miaka yote ikila moto kila asubuhi, haikulalamika siku moja. Hii ya kuja na karatasi ya mapovu imekufa kwa kijiti kimoja. Na hiyo ndiyo wananiambia itanipa mimi nguvu!

Nikaificha chini ya kitanda. Lakini harufu haifichiki. Fardosa alipoingia alisimama mlangoni, pua juu. Akafuata pua mpaka kitandani. Akaitoa, akaishika hivi, kijiti ndani. Nikafikiri sasa ataniambia maneno, na mimi nimejiandaa, nilikuwa na maneno ya mama yake na ya simu yake na ya mwanamke wa kucha. Akakaa chini kwa sakafu na nguo ya ofisi.

"Hooyo, ulitaka kuifukiza?"

"Nilitaka kuweka maziwa."

"Ulitaka kunywa?"

"Sasa nilitaka kuweka maziwa nioge?"

Akanusa tena ndani ya ile plastiki iliyoungua. Akasema, "Ayeeyo yangu wa Modogashe alikuwa anafukiza hivi. Nilikuwa nafikiri nimesahau hiyo harufu." Macho yake yakajaa maji. Mimi machozi ya wasichana wa ofisi siyawezi, nikamwambia aamke, sakafu itamchafua.

Abdi alikasirika. Alisema, "Hooyo, ungechoma nyumba!" Nikamwambia mimi nimewasha moto kabla baba yako hajaniposa. Akaongeza sauti, kwamba kama ni hivi Masalani nisahau mpaka mwaka uishe. Hapo moyo wangu ulianguka. Fardosa ndiye alimjibu. "Wewe unataka mama yako anywe au unataka ashinde? Niachie mimi." Mtoto wangu mkubwa hivi, mwenye gari, akatoka nje kama ameshikwa akiiba sukari. Siku hiyo nilianza kumpenda huyo msichana kidogo. Kidogo tu, usimwambie mtu.

Akanunua kikombe kingine. Na kutoka sokoni kwa wamama wa maziwa akaleta dhiil, mpya, imesukwa vibaya, mimi ningeirudisha, lakini inashika moshi. Sasa asubuhi yeye anasaga majani na embe ndani ya hiyo nzi yake, mimi nafukiza dhiil yangu, anamwaga, naongeza maziwa, natingisha. Halafu nilisema sinywi peke yangu. Kwa hivyo anakunywa yeye nusu kabla ya kazi, na watoto wanalamba kifuniko. Inanuka moshi. Inaingia. Sisemi ni tamu. Nasema inaingia. Mbuzi wa jirani bado anakuja saa nne, ananiangalia kama nilimuibia.

Jana ndevu tatu alinitoboa. Akaangalia karatasi, akaita mwenzake aje aone. Akaniuliza, "Ayeeyo, umefanya nini?" Nikamwambia nimekula kama watu. Abdi alikuwa pale, akaangalia chini, akasema, "Sawa, Hooyo. Lakini mashine unaenda nayo."

Kwa hivyo Alhamisi naingia basi ya asubuhi, inshallah. Mfunge Adey karibu na nyumba, usimruhusu ashuke mtoni. Akianza kabla sijafika, usimguse. Mkae mbali wote, na wewe, kwa sababu sauti yako inafanana na yangu kidogo, muite jina lake polepole mpaka nifike. Wewe hutajisikia, lakini yeye atasikia.

Nisalimie mume wako, mwambie teke nimemsamehe Adey kwa niaba yake. Nisalimie Kuresha, asijifanye amekasirika. Mzee Omar wa mtumbwi mwambie deni ya maneno yetu nakuja kumaliza. Imamu mwambie dua yake ilifika. Mwalimu Hiribae ana sola, na hii nzi inahitaji kulishwa moto kila siku ya pili. Mwalimu, hiyo ni sehemu yako, usiiruke ukisoma.

Jambo ya mwisho, Dahabo. Pale mtoni, kando ya migomba, nichimbie mistari miwili ya sukuma. Mitatu kama nafasi iko, kwa sababu hata wewe meno yako mawili nimeyaona yakiangaliana kama majirani wamekosana, na hii kitu sitakunywa peke yangu mbele ya watu. Mtu akiuliza ni za nini, sema ni za ndama.

Ni mimi dada yako, Hawo. Hapa chini ni kidole changu, kile ambacho hakijatobolewa.