Mkasi wa Zuhura

Jumatatu, 9 Novemba 1998
Soko la Guangyuan Xilu tena, marobota ya nguo tena. Miguu imevimba. Jioni nimewakalisha chini vijana wanaoishi kwangu, wote wageni Guangzhou. Yaleyale: msitembee peke yenu, polisi akikusimamisha usikimbie, usibebe mzigo wa mtu bila kuufungua. "Ndiyo, Anti," huku wanacheka. Nimechoka kuongea na ukuta.

Jumatano, 11 Novemba
Zuhura, mmoja wa vijana wangu, anarudi Dar Jumapili. Miaka kumi na tisa. Seif, anayejifanya kaka wa Watanzania wote hapa, kampa begi ampelekee mamake. Limeshonwa mdomo. Eti nguo. Nimemwambia afungue.

"Anti, nifungue mzigo wa mama wa mtu? Si ataniona sina adabu?"

Adabu! Najua, kwetu msafiri hakatai mzigo wa mtu. Lakini hapa ukikutwa na unga wa kulevya ni risasi. Na sisi weusi, begi letu ndilo linalofunguliwa kwanza. Hasira zimenipanda mpaka nimeunguza wali.

Alhamisi, 12 Novemba
Seif kapita. Mpole, salamu kwa kila mtu. Ushahidi sina. Huenda ni nguo kweli, na hilo ndilo linaloniudhi. Nikilitupa begi hili, kesho Zuhura atabebeshwa lingine mimi sipo. Basi nimetangaza: mizigo yote itafunguliwa Jumamosi, sebuleni, mbele ya wenyewe. Zuhura kanuna.

Jumamosi, 14 Novemba
Wamekuja wote, Seif pia. Nikaweka na furushi langu, ambalo Zuhura atampelekea mama yangu. Nimelishona mwenyewe.

Zuhura kashika mkasi. Kaanza na langu.

"Samahani, Anti. Ulisema yote."

Mimi! Nilitaka kumzaba kofi. Ndani ni nepi za mtu mzima. Mama hajiwezi tena, na sikutaka mtu ajue. Zuhura kazikunja taratibu, moja moja, kisha kavuta begi la Seif.

Seif kalinyakua. Eti kakumbuka, kuna msafiri mwingine. Huyo, katoka mbio.

Jumapili, 15 Novemba
Zuhura kaondoka. Furushi la mama kalishona yeye, mishono mikubwa, mibaya. Kanibusu mkono. Nyumba imepoa.

Wanasema Seif kaonekana soko la vitambaa la Zhongda, anamnunulia chai kijana mgeni. Kesho namtafuta huyo kijana. Mkasi nimeshautia mkobani.