Mayu, Mti Wako Uko Duarani

Mayu,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, najua, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila shikamoo. Hata huko uliko ungenigeuzia mgongo. Ni mimi mkamwana wako, Mama Limi, yule Msumbwa uliyewaambia majirani hajui kupika michembe ya viazi.

Nimekuja na mashtaka. Ningependa kuyasema kaburini, lakini kaburi lako liko hapo nyuma kwenye ua wa minyaa, na kila nikisogea huko mwanao Shija, mume wangu, naye anakuja kusimama, anajifanya anang'oa magugu. Anajua nataka kumsema. Sasa nakuandikia. Moyo wangu haujatulia tangu ulipotuacha, na leo ndio kabisa, tena naandikia magotini. Utanisamehe mwandiko.

Nianze na ule mti wako wa vidonda, ule wa kwenye ngitili ya ukoo, pale tunapowahifadhia ng'ombe malisho ya kiangazi. Jina lake silitaji hata kwenye karatasi. Ulinikataza. Ulisema dawa inayotajwatajwa inachoka. Ulinipeleka mwenyewe asubuhi, mabinti zako wakiwa wameshaolewa mbali, ukaushika kwa kiganja ukaniambia, "Ng'wanone, mwanangu, huu." Basi. Nikauliza mbona hunifundishi zaidi, ukasema macho ninayo. Kisha ukanifundisha mpaka nikachoka! Unabandua upana wa kiganja tu, upande wa mawio. Kovu lake unalipaka udongo na mavi ya ng'ombe ili mti usiumwe. "Ukiuvua nguo zote utakufa." Mti mzima ulikuwa na makovu yako, mengine yamefumba zamani, mengine bado mekundu.

Na jikoni je? Twanga, chemsha mpaka maji yawe kama chai ya rangi, chuja kwa kitambaa kilichochemshwa, rudisha motoni mpaka yawe mazito. Maji mepesi ya kuosha, mazito ya kupaka. Kwa ajili ya kile kitambaa ulinigombeza kuliko kitu chochote maishani mwangu. Siku moja nilikianika kwenye ua badala ya kukichemsha, ukaimwaga sufuria yote mbele ya mgonjwa. Mimi nikalia. Mgonjwa naye, njemba la mtu kutoka machimboni Mwakitolyo, akataka kulia. Wewe ukasema tu, "Haya, twanga tena."

Walikuja wengi, Mayu, unakumbuka. Vidole vilivyobanwa na mawe, magoti yaliyochubuka kwa kutambaa chini ya ardhi, mikono iliyoshika zebaki. Wewe kwanza unainamisha pua. Kidonda kikinuka hukigusi. "Hiki si changu. Kinachonuka ni cha hospitali, twende." Na wakibembeleza unakuwa mkali, unawafukuza na ufagio. Mimi nilidhani huna huruma. Aa wapi.

Basi. Baada ya kukuzika, baada ya matanga kwisha, nilikwenda ngitili kutafuta gome kwa ajili ya mtoto wa jirani aliyeungua kwa uji. Nikakuta kisiki. Kisiki, Mayu! Utomvu umeganda juu yake, mwekundu, nzi wamejaa. Nilipiga kelele peke yangu porini kama mwehu. Nikarudi nyumbani nikiwalaani wachoma mkaa njia nzima, nikawalaani tena wakati wa chakula, na Shija amekaa hapo anakula. Unajua alisema nini? "Watu siku hizi hawana adabu." Akachovya tonge lake kwenye mlenda, akaendelea kula. Nikamwonea huruma, nikamwongezea mboga.

Sasa Masanja. Mtoto wako wa mwisho, kipenzi chako, usikatae, sote tulijua. Alikuwa ameanza kazi kwenye duara la Shija na wenzake. Duara lenyewe shimo refu la kuchimba dhahabu, unashuka kwa kamba mpaka mtu aliye juu anakuona kama jicho la kuku. Jiwe likamwangukia mguuni, kwenye muundi, nyama ikafunguka mpaka mfupa. Walimleta kwa bodaboda, wamemfunga shati lenye matope. Mimi sikutwanga chochote. Nilifanya kama wewe: niliinamisha pua, nikasema huyu ni wa hospitali, twende. Wakamsafisha, wakamshona, wakamchoma sindano. Baadaye usaha ukaingia, nyuzi zikatolewa, kikaachwa wazi. Alilazwa, akarudishwa nyumbani, akawa anapelekwa zahanati kufunguliwa bandeji na kuoshwa. Harufu iliisha. Homa iliisha. Lakini kidonda kilikataa kufumba. Kimekaa tu pale, kimevimba ukingoni, kina majimaji, kama kinatudharau.

Daktari alisema nyama isipopanda huenda tukazungumza habari nyingine. Hakulitaja neno, ila Masanja alilisikia. Tangu siku hiyo akagoma kurudi. "Wakinikata mguu, shemeji, heri mnizike kwa Mayu." Nikampiga kofi. Ndiyo, nimempiga mgonjwa, nisamehe. Kisha nikatoka nje nikalia kwenye mabua ya mahindi, kwa sababu nilikuwa nakuona wewe, nakuona ukiniuliza mguu wa mwanangu uko wapi.

Akaniomba gome lako. Nikamwambia mti umekatwa, wachoma mkaa wameumaliza. Akaniangalia. Akasema, "Mti upo, shemeji. Uko duarani. Nilikuwa naukanyaga kila nikishuka."

Sikuelewa. Akanieleza polepole. Kuta za duara zinashikiliwa na magogo, matimba wanayaita, yanapangwa kuanzia mdomoni kwenda chini ili udongo usiwafukie. Miti ya karibu imekwisha yote, machimbo yameimeza. Shija na wenzake walikosa matimba, na Shija ndiye alijua kuna mti mmoja mnene umebaki kwenye ngitili ya kwao. Masanja aliutambua kwa makovu ya panga lako. Alikuwa akishuka anaweka mguu wake juu ya kovu, anakuomba radhi moyoni, anaendelea kushuka. Hakusema, kwa sababu Shija ni kaka yake mkubwa.

Mayu, huyo mwanao! Alikula mboga yangu! Nilimwongezea!

Sikungoja arudi. Nilijifunga khanga kiunoni nikaenda machimboni mchana kweupe. Unajua mila zao: mwanamke hasogelei duara, ati dhahabu inakimbia. Mama lishe wanabaki kule kwenye vibanda, wauza dagaa wanabaki njiani. Mimi nikapita vibanda, nikapita karasha la kusagia mawe, nikapita wale wanaopekua mawe. Msimamizi wao, Baba Rhobi, mtu wa Tarime mwenye sauti ya kuamsha maiti, akaruka. "We mama! Simama hapo hapo! Hapa hapakanyagwi!"

Nikasimama. Nikamwambia, "Nimesimama. Mtoe mume wangu humo chini. Asipotoka, naja mpaka mdomoni mwa duara na nachungulia."

Loo, ungewaona! Wanaume wazima na misuli yao, wamekimbilia winchi kama wameambiwa kuna nyoka. Kamba ilivutwa haraka sijapata kuona. Shija akatoka kichwa kwanza, mweupe kwa vumbi, akaniona nimesimama na mikono kiunoni, na nadhani alijua kabla sijafungua mdomo. Nikamuuliza mbele za watu wote, "Baba Limi, mti wa mama yako uko wapi?"

Alikaa chini. Pale pale kwenye udongo, kama mtoto. Nilikuwa nimeandaa matusi ya kutosha, tena mengine ya Kisumbwa, nikayaacha. Baba Rhobi akauliza kuna nini, Masanja anaendeleaje, nikamwambia. Akamwambia mwanao, "Shuka ukamenye. Gome halishikilii ukuta, gogo ndilo linashikilia. Wengine wote wabaki juu."

Shija akachukua panga na kiroba, akashuka. Mimi nilirudi nyuma mpaka pale wanapotaka wanawake wasimame, maana sasa yeye ndiye aliyekuwa chini na sikutaka lawama. Nikangoja nikitafuna ncha ya khanga. Kila udongo ukidondoka, naing'ata zaidi. Nilikuwa nimekuja nikitaka kumuua kwa mdomo, sasa namwomba Mungu amtoe salama. Ndoa, Mayu. Hukuniambia yote.

Alitoka na nusu kiroba cha gome. Macho mekundu. Akasema, "Makovu yake yote yako kule. Nimeyashika." Nikampokea kiroba, tukarudi nyumbani.

Halafu sasa wewe. Wewe umenisumbua kuliko wote! Kwa sababu ulishanifundisha kuwa gome la mti uliokatwa halifai. "Mti uliokufa utampa nani uzima?" Nikakaa na lile gome kavu mapajani, sijui nikutii au nisikutii. Nikitwanga nasikia sauti yako, nikiacha nasikia ya Masanja. Mwishowe nikatwanga. Nilichemsha muda mrefu kuliko ulivyonionyesha, na maji yakatoka mekundu, mekundu sana, mpaka nikaogopa. Kitambaa nilikichemsha. Nilikichemsha tena. Usiniulize.

Na nilifanya jambo ambalo hukulifanya wewe: nilikwenda zahanati na chupa mkononi, nikamwambia muuguzi ukweli. Alinusa, akauliza nimetengenezaje, nimechemsha kiasi gani, nimechujia nini. Akasema, "Mama, mimi sikuagizi kuitumia. Ila ukiosha nayo, usimwachishe vidonge hata kimoja, usipake udongo wala mavi, na umlete nikione kila mara. Kikibadilika rangi, usingoje." Nikamwambia mavi ni ya mti tu. Alicheka. Masanja naye nikampa sharti: haoshwi na gome mpaka akubali kupanda bodaboda kwenda zahanati. Alinuna, akakubali.

Mwanzo hakuna kitu. Naosha, kimekaa vile vile. Naosha, kimekaa. Nilikuwa naamka na kukimbilia kukitazama kabla hata sijanawa uso. Nilimpigia Shija kelele bure, nikampigia Limi kelele bure, mbuzi wa watu nikamrushia mwiko. Nikasema mti umetukataa, na haki yake kutukataa, tuliukata. Kisha asubuhi moja nafungua bandeji naona ukingo umekuwa wa waridi, kama fizi za mtoto. Ile nyama uliyoniambia niifurahie nikiiona. Niliita kwa nguvu mpaka Shija akadhani ni msiba.

Mimi sijui ni gome au ni vidonge. Muuguzi anasema vidonge, Masanja anasema Mayu. Shija hasemi, ila amepanda miche pale ngitili, amezungushia miiba, na anaibebea maji kwa ndoo kichwani, yeye ambaye hajawahi kunichotea hata ya kuoga. Watu wanamcheka. Nami namcheka, lakini nikiwa ndani.

Kidonda kimefumba, Mayu. Kovu ni baya, refu, limevutika, na mguu hautakunjika kama zamani. Lakini mguu upo. Jana Masanja alitembea bila fimbo toka kitandani mpaka kwenye zizi na kurudi. Nilipiga vigelegele, majirani wakaja, tukachinja jogoo. Nilikula nikiwa nimekaa, kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi. Nikasema sasa nitakuandikia barua nzuri, ya shukrani, wabeja Mayu, yamekwisha.

Ndiyo barua niliyotaka kuandika. Lakini duara limeanza kutema. Jana hiyo hiyo, tunakula jogoo, Baba Rhobi alituma mtu aseme wamefikia mwamba mzuri, dhahabu inaonekana kwa macho. Alidhani anatuletea habari njema. Nilimwona Masanja anaacha kutafuna.

Leo asubuhi amekuja jikoni, kwa miguu yake yote miwili, hata ule tulioulilia, akasimama mlangoni na kuniuliza kwa adabu kabisa, "Shemeji, gambuti zangu za duarani ziko wapi?"

Nimemwambia sijui.

Ziko kwenye pipa la pumba, Mayu, chini kabisa, na nimekalia mfuniko wake nikikuandikia. Namsikia anazitafuta nyumba nzima. Amefika chumbani kwetu. Sasa yuko stoo.

Pumzika, mama yangu. Ulinipa mti, sikuweza kuulinda. Huyu nakuahidi kumkalia mpaka atakapochoka kutafuta, au mpaka atakaponiinua kwa nguvu.

Mkamwana wako,
Mama Limi