Mama Mkwe Analima Uani kwa Kanisa, Nami Ndiye Mkaguzi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi kwa sababu Jumatatu natakiwa kukabidhi ripoti na mpaka sasa sijaandika hata mstari. Mimi ni mkaguzi wa matumizi ya ardhi katika halmashauri ya mji, kazi yangu ni kuangalia kama viwanja vinatumika kwa jinsi vilivyopangiwa, na wiki hii nilipewa lalamiko la dereva mstaafu anayekaa mkabala na kanisa moja kwenye mtaa wa makazi, kwamba kanisa limegeuka soko na magari ya wanunuzi yanaziba mlango wake. Nilikwenda nikitegemea matuta mawili matatu ya vitunguu, mshauri, lakini nilipozunguka ukuta nilisimama nikasahau hata kutoa utepe wa kupimia, maana pale nilipopajua kama jalala la vifusi pamejaa kijani kutoka ukuta hadi ukuta, maboga yamepanda mpaka juu ya tangi la maji, nyuki wanavuma, watu wazima na watoto wameinama wanapalilia bila kusemezana, na katikati yao amesimama mama mkwe wangu anatoa amri.

Ujue kwamba mama huyu tangu baba mkwe afariki alikuwa haongei, ukimsalimia anaitikia kwa kichwa, mke wangu amelia mpaka amezoea, na siku hiyo akaniona akasema kwa sauti niliyodhani imezikwa na mumewe, "Mkwe, pita pembeni, unanikanyagia miche." Nikapita pembeni.

Shida ni meza. Kanuni yetu inaruhusu kanisa kulima kwenye kiwanja chake ila hairuhusu biashara kwenye mtaa wa makazi, na wao kila Jumamosi wanaweka meza nje ya geti, eti hawauzi, unachukua fungu lako la mboga unatia sadaka kwenye kikapu. Nilimuuliza Mama bei, akasema, "Hapa hakuna bei, baba, ni moyo wako tu." Nikatia sarafu, akakohoa, nikaongeza, akakohoa tena, nikaongeza mpaka kikohozi kikapona. Sasa nikiandika ukweli bustani itafungwa na Mama atarudi kwenye ukimya wake, nikificha nitafukuzwa kazi, na mke wangu ameshasema nikimfungia mama yake nitafute pa kulala. Nifanyeje?

Mkwe Aliye Njia Panda

Mkwe, pole, na hongera pia. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Mtu amerudishiwa sauti na kiwanja cha vifusi.

Lakini sasa nikuseme. Ulipomwona mama mkwe wako ulitakiwa kugeuza, uende ofisini ukarudishe jalada. Mkaguzi hakagui ukweni. Wewe badala yake ukanunua mboga. Jumatatu asubuhi mwambie bosi wako ukweli, kazi apewe mwenzako. Usidhani unamtupa Mama. Ripoti iliyoandikwa na mkwe, huyo dereva angeipinga kabla wino haujakauka.

Halafu isome tena kanuni yako mwenyewe, maana woga umekusomea vibaya. Umeniandikia kwamba kulima kunaruhusiwa. Kilichokatazwa ni meza, basi bustani nzima ife kwa kosa gani? Na acheni kujidanganya na hicho kikapu, sadaka ya kukoholewa ni bei. Meza iondoke kabisa, mavuno wagawane waliolima, yanayobaki wapelekewe wasiojiweza. Wakitaka kuuza, mchungaji aende halmashauri kuomba kibali na asubiri jibu. Dereva naye msimnunie, mtu ana haki ya kutoka mlangoni kwake.

Kumwambia Mama kwamba meza inaondoka ni kazi yako, leo hii, kwa mdomo wako, si kumtuma mke wako. Atafoka. Kaa kimya usimkatize. Akiwa katikati ya kufoka, mpigie mke wako simu, uishike juu, naye amsikie mama yake akiongea tena.