Vitofali vya Mpwa Wangu

Jumatatu, 3 Februari

Leo mpwa wangu kaanza shuleni. Si kazi kamili bado — mafunzo kwa vitendo, mpaka msimamizi wake amsainie ndipo aitwe mwanasaikolojia wa shule. Shahada juu ya shahada, na bado kuna mtu wa kumsainia! Mimi niliacha shule darasa la sita kwa kuwa walimu waliishiwa vya kunifundisha, na sikumsubiri mtu anisainie.

Karakana yangu nzima ya makochi nimeitangazia: binti wa dada yangu anasoma mawazo ya watu kama gazeti. Fundi rangi wa jirani akasema, "Basi aje aniambie mke wangu ananiwazia nini." Nikamjibu hilo halihitaji shahada, liko wazi usoni.

Nimemtengenezea viti viwili vidogo vya ofisini kwake. Sponji ya kwanza kabisa. Balozi mmoja nilimtengenezea cha namna hiyo, akalala humo siku mbili, nyumbani kwake wakaanza kupokea rambirambi.

Alhamisi, 6 Februari

Mpwa wangu karudi hapa kwetu hoi. Nikamuuliza ametibu vichaa wangapi. Akasema, Mjomba, sitibu vichaa. Asubuhi kakaa nyuma ya darasa akimwangalia mtoto mmoja tu — anatazama wapi, kalamu inasimama saa ngapi. Kisha kaongea na mwalimu wake. Kisha wawili waliopigana. Kisha mama mmoja mjane, mtoto wake hataki kula. Kisha ripoti, ripoti, ripoti. Majina ya watoto hataji hata umbane vipi.

Nikasema kumbe kazi yenyewe ni kukaa na kusikiliza tu. Akasema ndiyo, Mjomba, hebu jaribu hata dakika kumi. Mke wangu alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

Jumamosi, 8 Februari

Nimepimwa akili!

Anajizoeza kwa watu wa nyumbani kabla ya kumpima mtoto mbele ya msimamizi. Kafungua sanduku: vitofali vyekundu na vyeupe. Unaonyeshwa picha, unavipanga vifanane nayo, yeye kashika saa. Na sauti yake ilibadilika — taratibu, haisifu wala haikosoi. Nilikuwa nakufa kwa hamu aseme nimepatia. Wapi. "Asante, tuendelee." Huyu huyu niliyempangusa kamasi!

Picha nilizipa majina yangu ili zikae kichwani: Kipepeo. Tai ya Mlevi. Mlango wa Benki. Mwisho nikauliza nimepata ngapi, akasema haya ni mazoezi tu, hayana alama. Maana yake nimevunja rekodi na hataki nivimbe kichwa.

Akaniomba nisimwonyeshe mtu, hasa mtoto. Mtoto akiviona mapema, kipimo kimeharibika. Nikaapa mkono kifuani.

Jumatano, 12 Februari

Mama Chiriku, anayenishonea vitambaa vya makochi, kaja na bintiye tena baada ya shule. Chiriku tulimwita sisi, maana hapa mdomo haulali. Lakini mama yake anasema shuleni hafungui kinywa. Yuko darasa la pili na kusoma hajui. Mwalimu anasema kichwa kizito.

Kichwa kizito! Mtoto anayejua kila kipande cha kitambaa kimetoka kwenye kochi gani!

Nikakata vitofali vyangu, nikavipaka rangi. Vya mpwa wangu viko kabatini, sijavigusa. Na huyu si mtoto wa kupimwa, ni mtoto wa karakana. Nikamfundisha Kipepeo, Tai ya Mlevi, Mlango wa Benki. Mwanzo alikosea, nikamshika mkono. Baadaye alikuwa anapanga huku anapiga soga. Ubongo ni kama sponji, ukiuminya unaamka. Mama yake alitoka hapa anatembea kama kavaa viatu vipya.

Jumanne, 18 Februari

Kesho mpwa wangu anapima mtoto, msimamizi akiwa palepale chumbani. Ndiyo kazi ya mwisho, ndiyo itakayoamua asainiwe au asisainiwe. Mke wangu kampigia blauzi pasi mara mbili. Mimi nimemsimulia nilivyopita mtihani wa udereva nikiendesha kinyumenyume, apate moyo. Kacheka kidogo. Chakula kakisukumasukuma tu.

Jumatano, 19 Februari

Kaingia, hakuvua hata viatu. Kasimama mlangoni, kaniuliza kwa ile sauti yake ya taratibu:

"Mjomba, Tai ya Mlevi ni nini?"



Mtoto alianza kupanga kabla picha haijafunuliwa yote. Na wakati anapanga akanong'ona lile jina. Msimamizi alifurahi sana — mtoto asiyesema shuleni kasema! Na alama juu kabisa. Hakuna aliyejua kitu, ila mpwa wangu. Jina la mtoto hakulitaja hata hapo. Halikuwa na haja.

Nikamwambia basi nyamaza. Mtoto kaonekana ana akili, wewe unasainiwa, mama yake anafurahi. Nani kaumia?

Akakaa chini, akaniambia: "Wakiiamini ile alama, watasema hana shida yoyote, ni mvivu tu. Nani atamfundisha kusoma, Mjomba?"

 

Alhamisi, 20 Februari

Kamweleza msimamizi yote, mwenyewe, kwa mdomo wake. Msimamizi hakupaza sauti. Anataka kuniona kesho, ajue nilimwonyesha mtoto nini hasa. Kama ni sehemu hiyo tu iliyoharibika, wataitupa, zilizobaki zitasaidia. Kuhusu saini hajasema kitu. Sanduku lilikuwa mikononi mwa mpwa wangu, na yaliyomo yametoka. Hilo ndilo kosa lake.

Nilidhani atanifokea. Kanimiminia chai, kaniambia: "Kesho sema ilivyokuwa tu. Usiongeze."

Mke wangu akasema umemwambia samaki asilowe.

Ijumaa, 21 Februari

Naandika hapa hapa, shuleni, kwenye benchi nje ya ofisi ya mpwa wangu. Mkono hautaki kutulia bila kazi.

Nimeingia, nimetoka. Msimamizi ni mwanamke mfupi, miwani yake ina kamba. Akauliza picha ngapi. Hadithi ilinipanda mpaka kooni — kwamba mtoto ni mjukuu wa mfalme, kapanga picha hamsini macho kafumba. Nikasema tatu. Mara ngapi? Siku moja. Alikosea kabla ya kuonyeshwa? Ndiyo, zote tatu. Nilimshika mkono.

Akauliza kama mpwa wangu alinikataza.

"Alinikataza vizuri kabisa. Nikajiona najua zaidi."

Akaandika. Akauliza kama kuna la kuongeza. Nilitaka kumwambia mpwa wangu ni mtu wa namna gani, tangu anajifunza kutembea. Ningeanza nisingeacha. Nikasema hakuna.

Sasa yuko ndani yeye na msimamizi. Mlango umefungwa.

Chiriku kapita na kifutio cha ubao, katumwa. Kaniona, kasimama, kaangalia huku na huku, kakaa kando yangu. Hili benchi ni la waliokosa, kumbe analijua. Kaniuliza kwa sauti, hapa hapa shuleni:

"Fundi, umefanya nini?"

"Nimekosea."

"Waambie hukujua."

"Nilijua."

Kafikiri. Kasogea mpaka bega lake likanigusa. Hajaenda zake, na darasani watakuwa wanamsubiri.  Ndani mmoja anavuta kiti — kile changu, najua kinavyolia. Kitasa kinazunguka.